Jára Cimrman: hajawahi kuzaliwa, lakini aliongoza kura za Mcheki bora wa nyakati zote

Kalamu Nyekundu

Wakuu, heshima kwenu. Leo tupumzike na siasa na mpira, niwaletee mtu.

Mwaka 2005 televisheni ya umma ya Ucheki iliwaomba watazamaji wamtaje Mcheki mkubwa kuliko wote. Kipindi chenyewe walikichukua BBC, ambako mwaka 2002 Waingereza walikuwa wamempa ushindi Churchill. Na si kwamba Wacheki hawana watu. Wana mfalme Karolo wa Nne aliyeanzisha chuo kikuu cha Praha mwaka 1348. Wana Jan Hus, padri aliyechomwa moto akiwa hai mwaka 1415 kwa kukataa kuyakana maneno yake. Wana Masaryk, rais wao wa kwanza. Wana Havel, mwandishi wa michezo ya kuigiza aliyeuanza mwaka 1989 gerezani na kuumaliza ikulu. Kura za awali zikaanza kumiminika, na anayeongoza akawa bwana mmoja anaitwa Jára Cimrman.

Huyu bwana hajawahi kuishi.

Waandaaji ikabidi wamtoe, maana kanuni zilitaka mtu wa kweli. Wapenzi wake wakaja juu. Mwisho wa yote ushindi ukaenda kwa Karolo wa Nne, Masaryk wa pili, Havel wa tatu, na kila Mcheki anajua nani alinyang'anywa tonge mdomoni.

Wasifu wake ni huu, nausimulia kama wao wanavyousimulia, bila kucheka. Alizaliwa Vienna, baba fundi cherehani Mcheki, mama mwigizaji wa Austria. Mwaka wa kuzaliwa haujulikani kwa sababu karani wa vizazi siku hiyo alikuwa amelewa. Familia ilikuwa ya kubana matumizi, kwa hiyo kijana akakulia ndani ya magauni yaliyomkaa mdogo dada yake, akasomeshwa shule ya wasichana mpaka alipokuwa kijana mkubwa, hapo ndipo alipogundua kwamba yeye si msichana. Baada ya hapo hakuna alichokiacha: mvumbuzi, mtunzi wa tamthilia na muziki, msafiri, mwanafalsafa, mkunga, daktari wa meno. Alivumbua balbu ya umeme, akafika ofisi ya hataza akakuta Edison ameshatangulia. Simu, Bell kamuwahi. Ncha ya Kaskazini aliikosa kwa mita saba. Marie Curie na mumewe, yeye ndiye aliyewabebea mgongoni madumu 45 ya ile miamba yenye urani mpaka chini kwenye maabara yao. Alimwandikia barua Bernard Shaw kwa miaka mingi sana, Shaw hakujibu hata moja. Na siku Chekhov, yule Mrusi mwenye tamthilia maarufu ya "Dada Watatu", anahangaika nayo ikiwa bado na dada wawili, Cimrman alichungulia akamuuliza taratibu: wawili, huoni kama ni wachache, Anton Pavlovich?

Mara ya mwisho alionekana Liptákov, kijiji cha milima ya Jizera, akifundisha watoto. Hapo nyayo zinapotea. Kaburi hakuna. Na Liptákov yenyewe ukiitafuta kwenye ramani, nayo haipo.

Nakaribisha maswali.

Dogo Fundi

Mita saba tu mkuu?? Si angenyoosha mkono jamani

Mbishi Mkongwe

Hii chai haina hata tangawizi. Watu wazima, wenye kazi na familia, wanakipigia kura kivuli? Au ndiyo zile habari za mtandaoni kijana mmoja kaandika kwa utani, dunia nzima ikabeba?

Kalamu Nyekundu

Mzee Mbishi, mtandao haukuwepo. Cimrman ni mtoto wa redio. Mwaka 1966 Radio ya Chekoslovakia ilikuwa na kipindi cha utani kilichojifanya kinarushwa moja kwa moja kutoka kilabu cha mvinyo kisichouza kilevi, jina lake Kwa Buibui. Tarehe 23 Desemba mwaka huo akaletwa hewani "Dkt. Hedvábný", msomi mwenye sauti nzito, akitangaza kwamba huko Liptákov limepatikana sanduku lenye nyaraka za mtu mkubwa ambaye taifa limemsahau. Huyo daktari alikuwa Karel Velebný, mwanamuziki wa jazz.

Mwanzoni huyo Cimrman alikuwa dereva wa greda la mvuke, lile la kushindilia barabara, anachonga na sanamu za ajabu ajabu kwa muda wake. Wenyewe wakaona hapana, huyu anafaa makubwa zaidi. Wakina Jiří Šebánek, Zdeněk Svěrák, Ladislav Smoljak na Miloň Čepelka wakamfungulia jumba la maigizo. Onyesho la kwanza lilikuwa Oktoba 1967 pale Malostranská beseda, Praha. Mpaka leo jumba linafanya kazi, mtaa wa Žižkov, na kuna nyakati watu walikuwa wanakesha kwenye foleni ya tiketi.

Sasa sikiliza namna onyesho linavyokwenda, maana utamu wote uko hapo. Unanunua tiketi ya mchezo wa kuigiza. Unakaa. Pazia linafunguka, unawakuta wanaume wamevaa suti, wanyoofu kama kamati ya mitihani. Nusu nzima ya kwanza ni mihadhara. Mmoja anakwenda mbele anasoma utafiti wake mpya kuhusu Cimrman na elimu, mwingine anamkosoa kwa adabu zote, wa tatu anaonyesha mabaki ya kifaa fulani na kueleza kwa nini hakikufanya kazi. Wanaitana daktari, daktari. Kuna mapumziko, ndipo nusu ya pili linakuja igizo lenyewe, ambalo linasemekana limetungwa na Cimrman na likaokolewa kwenye lile sanduku. Wahusika wote ni wanaume, hata bibi harusi. Na waigizaji wanaigiza kidogo vibaya, kwa makusudi, kama watu wa ofisini waliolazimishwa. Kuigiza vibaya kwa kipimo ni kazi ngumu kuliko kuigiza vizuri.

Hakuna anayecheka jukwaani. Akicheka mmoja tu, Cimrman amekufa.

Bi Nuru wa Makorora

Mwanangu Kalamu, umenikumbusha hadithi tulizokuwa tunasimuliwa ukumbini baada ya isha. Sasa huyu si ndiye Abunuwasi wao? Maana Abunuwasi naye tumemsikia kapanga nyumba, kauza msumari, kamshinda sultani, na hakuna aliyemuona.

Kalamu Nyekundu

Shikamoo Bi Nuru. Nimelifikiria hilo, naona wamepishana njiani. Abu Nuwas alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdad wakati wa Harun al-Rashid, ila hadithi zimemmeza mpaka mtu hakumbukwi. Cimrman alianza hadithi, sasa wanamtafutia mwili: mitaa inaitwa jina lake, na kuna sayari ndogo, namba 7796, iliyoonekana mwaka 1996 kutoka kituo cha kutazamia nyota cha Kleť kusini mwa Ucheki, inaitwa rasmi Járacimrman. Mzee Mbishi alitaka ushahidi, atazame juu.

Halafu tofauti ya pili. Abunuwasi anashinda. Kila hadithi inaisha yeye anaondoka na mfuko wa fedha na sultani kabaki mdomo wazi. Cimrman hajawahi kushinda kitu. Kazi yake ni kufika pale mwenzake anapofunga mlango.

Bi Nuru wa Makorora

Marahaba. Basi huyo wa kuchelewa ningempenda zaidi, Abunuwasi alikuwa mjeuri.

Jirani254

Hii story imeweza, enyewe. Na mimi nilidhani Mcheki wa pekee ninayemjua ni Bata. Nilipita shule yote na viatu vya Bata nikiamini ni kampuni ya Limuru, kumbe Tomáš Baťa alianzia Zlín mwaka wa 1894. Kwa hivyo sisi tulichukua Mcheki wa ukweli tukamfanya wetu, wao wakatengeneza wa uongo wakamfanya wa ukweli. Tuko sawa.

Mbishi Mkongwe

Bado sijaridhika. Utani nauelewa. Ninachouliza ni hiki: kwa nini WAO? Mbona Wajerumani hawana Cimrman? Wafaransa je? Taifa linalojiheshimu linajenga sanamu za mashujaa wake, halitungi shujaa wa kukosa.

Kalamu Nyekundu

Mzee, hapo umegusa penyewe. Vuta kiti.

Wacheki walikaa chini ya ufalme wa Habsburg kwa karibu miaka mia nne, amri zinatoka Vienna. Karne ya 19 wakaanza kujitafuta: lugha yetu, historia yetu. Majirani Wajerumani wana tenzi za kale, sisi tuna nini? Mwaka 1817, katika mji wa Dvůr Králové, bwana Václav Hanka akatangaza kuwa ameokota hati za kale mno za mashairi ya Kicheki. Mwaka uliofuata zikajitokeza nyingine, zikahusishwa na Zelená Hora. Watu walilia kwa furaha. Wachoraji wakachora matukio yaliyomo, watunzi wakayatungia muziki, watoto wakakaririshwa.

Zilikuwa za kughushi.

Mwaka 1886 mtaalamu wa lugha Jan Gebauer alipoandika kuzitilia shaka, profesa mmoja kijana alimpa nafasi kwenye jarida lake na akasimama naye. Magazeti yakamwandama huyo profesa: msaliti, amelipwa na Wajerumani. Jina lake Tomáš Masaryk. Mwaka 1918 ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Chekoslovakia, na ndiye huyohuyo aliyeshika nafasi ya pili kwenye zile kura za 2005.

Kwa hiyo hawa watu walishawahi kutunga utukufu wao kwa dhati kabisa, wakauamini, wakagombana na aliyewaambia ukweli. Mimi ndivyo ninavyomsoma Cimrman: safari hii kila mtu anajua ni uongo kuanzia tiketini, na ndiyo maana hauumizi mtu. Sanduku la Liptákov ni zile hati za Hanka, zimevuliwa majivuno tu.

Tazama igizo lao la mwaka 1985 kuhusu Ncha ya Kaskazini. Peary wa Marekani anasema alifika tarehe 6 Aprili 1909. Katika igizo, Wacheki wanafika siku moja kabla yake. Wanapiga hesabu pale pale kwenye barafu: tukitangaza, sifa zitakwenda Austria. Wanarudi nyumbani, wananyamaza. Cheka uchekavyo, lakini mtu yeyote ambaye kazi yake imewahi kusainiwa na bosi anajua hapo pana nini.

Jicho Tatu

Niongezee kitu kwenye hoja ya mkuu, maana hili la kuchelewa Wacheki hawakulitunga lote. Mimi nasomea mambo ya macho. Lenzi laini za kuvaa jichoni, hizi anazovaa dada yako kubadilisha rangi ya macho siku ya harusi, zina baba Mcheki: Otto Wichterle, mkemia.

Krismasi ya mwaka 1961 huyu mzee yuko nyumbani kwake, mradi wake umekataliwa kazini. Akachukua Merkur, ile midoli ya vyuma vyenye matundu ambayo watoto wanafunga kwa skrubu kujengea magari na korongo, akaunda mashine mezani. Kuizungusha akatumia dainamo ya baiskeli, akaigeuza mota. Mashine inazungusha vikombe vidogo, tone la plastiki ya majimaji linatandazwa na mzunguko mpaka linakuwa lenzi. Mkewe, ambaye alikuwa daktari, anamsaidia. Dainamo ilipozidiwa akaweka mota ya gramafoni. Lenzi zikatoka, tena safi.

Kisha taasisi zake zikaziuza haki za uvumbuzi Marekani kwa bei ya kutupa, yeye mwenyewe hakushirikishwa. Faida waliyoivuna wenzetu huko unaijua, pita duka lolote la miwani uone.

Sasa mwambie Mcheki habari ya Cimrman kufika ofisi ya hataza akiwa amechelewa. Anacheka, lakini anacheka kwa sababu anamjua jamaa.

Mbishi Mkongwe

Wichterle sawa, nimekubali. Ila mita saba za Ncha ya Kaskazini zinabaki kamba.

Kalamu Nyekundu

Jicho Tatu umenibebea zege lote. Na kuna wengine: Josef Ressel wa Chrudim alipata hataza ya pangaboi la meli mwaka 1827, ikachukua muda mrefu mno kutambuliwa. Padri Prokop Diviš alisimamisha kinga yake ya radi mwaka 1754, lakini ukiuliza kinga ya radi ni ya nani utajibiwa Franklin. Mendel alichapisha kanuni zake za namna viumbe wanavyorithi sifa za wazazi pale Brno mwaka 1866 na dunia ikazisoma vizuri mwaka 1900, yeye ameshakufa zamani. (Najua, Mendel alizungumza Kijerumani. Wacheki wanamdai hivyo hivyo.)

Mwl. wa Zamu

Mkuu, nimesoma kwa utulivu. Nina swali la mwalimu. Nimeona hawa jamaa wana igizo linaitwa "Afrika", la mwaka 2002, na kichwa chake kidogo kinasema Wacheki kati ya wala watu. Sasa hapo tunacheka pamoja au tunachekwa sisi?

Kalamu Nyekundu

Swali zito, mwalimu, silikwepi. Igizo linavidhihaki vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19. Wacheki nao walikuwa nao: daktari Emil Holub alizunguka kusini mwa Afrika, akaandika majuzuu, akarudi na shehena za mizigo. Mzungu anayefika Afrika na kofia yake, anatoa mhadhara, anajiona yeye ndiye kitovu, huyo ndiye anayepigwa. Mpaka hapo niko nao.

Lakini ile sufuria ya wala watu ni ile ile ya zamani, na ukumbi wa Žižkov uliojaa Wacheki watupu hauna Mwafrika wa kukohoa pembeni. Katika kazi zao zote hiyo ndiyo ninayoipenda kwa shingo upande. Utani wao unang'ata vizuri zaidi unapomng'ata Mcheki mwenyewe.

Mwl. wa Zamu

Jibu nimelipokea. Na hiyo mihadhara ya nusu ya kwanza, mbona inanuka ubao na chaki?

Kalamu Nyekundu

Mwalimu pua yako nzima! Svěrák na Smoljak wote wawili waliwahi kuwa walimu. Ndiyo maana wanaijua ile lugha: "kama tulivyoona katika sehemu iliyotangulia", na hakuna tulichokiona. Na usidhani ni watu wa utani mtupu. Huyo Svěrák aliandika na kuigiza filamu ya Kolja, mwanawe Jan akaiongoza, ikachukua Oscar mwaka 1997. Smoljak alifariki mwaka 2010.

Chuma cha Reli

Serikali ya kikomunisti iliwaacheaje? Baba yangu mdogo alisoma Praha enzi za ufadhili, anasema huko kila neno lilikuwa na mlinzi.

Kalamu Nyekundu

Haikuwaacha kwa raha. Agosti 1968 vifaru vya Kisovieti viliingia Praha, jumba lina mwaka hata haujatimia. Baada ya hapo maandishi yalipita kwa wakaguzi, na kundi likawa linahamishwa ukumbi huu kwenda ule. Wenyewe walitengeneza filamu ya hayo masaibu, ikatoka mwaka 1988: kikundi cha maigizo na wale wajumbe wanaokuja kukaa mstari wa mbele na kalamu mkononi. Kilichowakinga ni Cimrman mwenyewe. Mambo yake yote ni ya enzi za Kaizari wa Vienna, karani mlevi, askari wa mpakani, afisa elimu asiyejua kitu. Mkaguzi angesema nini? Kwamba karani wa Kaizari anafanana na yeye? Ukumbi unacheka, mkaguzi anaandika "hakuna tatizo".

Muulize baba mdogo kama aliwahi kuingia. Atakuwa na mambo.

Dogo Fundi

Mkuu picha yake iko wapi basi nimuone sura

Kalamu Nyekundu

Sura hana. Kuna sanamu ya kichwa chake, lakini uso umefutika, pua wala macho huoni. Tena ana falsafa yake inaitwa eksternizimu. Wapo wanafalsafa waliosema mimi nipo, ulimwengu ndio sina uhakika nao. Cimrman akageuza: ulimwengu upo kabisa, hapa naona kiti, pale naona dirisha. Asiyekuwepo ni mimi.

Dogo Fundi

Hapo nimeelewa mwanzo mwisho 😂 jamaa alijitetea mapema

Jirani254

Niko na mpango wa kupita Praha mwaka ujao kikazi. Mtu asiyejua Kicheki anaenda kuona nini?

Kalamu Nyekundu

Jirani, tangu 2014 kuna kundi linaloyaigiza kwa Kiingereza palepale Žižkov, wakiwa na baraka za wenye mali. Walianza na lile la mwigizaji mkubwa aliyeitwa kuziba pengo la mgonjwa na akafika hajui anaigiza mchezo upi. Kata tiketi mapema. Usiende ukitegemea vichekesho vya kuanguka na kugongana, kaa kama uko semina ya kazini, kitakunasa chenyewe.

Ukipata siku ya ziada panda kaskazini, Příchovice, milima ya Jizera. Kuna makumbusho madogo ya Cimrman na mnara wa taa wa kuongozea meli, umefunguliwa mwaka 2013.

Mbishi Mkongwe

Ngoja. Ucheki haina bahari.

Kalamu Nyekundu

Haina.

Mbishi Mkongwe

Na mnara uko mlimani.

Kalamu Nyekundu

Uko mlimani.

Mbishi Mkongwe

Sasa tangu 2013 umesaidia meli ngapi?

Jirani254

Mzee, wewe umesikia meli yoyote imegonga huo mlima?